Mrejesho: kozi ya moki ya klinikali kwa marezidenti wa upasuaji hapa Dodoma. Jumapili inalipa, Jumamosi mtanisamehe

Wadau habari za majukumu. Tangu nitoke kwenye ile kozi ya moki, yani mtihani wa majaribio wa kupima wagonjwa kwa marezidenti, madaktari wanaosomea ubingwa, watu wananifuata pembeni kuuliza kama ina maana yoyote au ni jamaa tu wanatafuta hela ya tofali, sasa kumjibu mmoja mmoja nimechoka, naandika hapa mara moja. Jina la waandaaji siliweki. Wengine ni mabosi zetu wodini na ulimwengu wa upasuaji Tanzania ni mdogo, leo unamsema mtu kesho ndo kakaa mbele yako na karatasi ya maksi. Aliyepo kwenye magrupu ya marezidenti anajua naongelea ipi.

Nyota nawapa 3 na nusu kati ya 5. Ingekuwa Jumapili peke yake ningewapa 5 bila kufikiria, Jumamosi ndo imewaangusha.

Kwa wale ambao ndo mnaingia mwaka wa kwanza au bado ni maintani, madaktari mlio kwenye mwaka wa mazoezi, mnaotamani kisu, ngoja nieleze kidogo kwanini mtu mzima mwenye familia analipa hela kwenda kujifanyisha mtihani wikiendi. Rezidenti wa upasuaji anapimwa kwa karatasi na anapimwa kwa mgonjwa. Karatasi unaweza ukajifungia Ng'ong'ona huko wiki nzima ukakariri ukatoboa. Klinikali hapana, pale ni wewe, mgonjwa na watahini wanaoangalia mikono yako inaenda wapi, na unaweza ukawa unaijua ngiri kichwani kuliko hata aliyeandika kitabu lakini ukishika vibaya umeondoka. Wa MMed, shahada ya ubingwa ya chuo kikuu, wana klinikali yao ya chuo na mtahini wa nje anaitwa, humjui hakujui. Waliojiandikisha COSECSA, kile chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini kilichoanzishwa 1999 na makao yake yapo Arusha, wana mtihani wa uanachama, MCS, baada ya miaka 2 halafu wa ubingwa, FCS, mwishoni, ambayo kwa upasuaji wa jumla ni miaka 5 ukijumlisha yote. Klinikali ya FCS inafanyika Desemba na nchi inabadilikabadilika, yani unaweza kujikuta unamshika tumbo mtu ambaye lugha yake hujawahi hata kuisikia redioni. Na kuna wachache wanaopigia hesabu MRCS, ule mtihani wa wapasuaji wa Uingereza, hao sehemu B yao ni stesheni 17, yani vituo vyenye kazi tofauti, za dakika 9 kila moja, kengele inalia unahama.

Huu mtindo wa stesheni alikuja nao Ronald Harden na wenzake kule Dundee, Scotland, waliuandika 1975, na shida waliyokuwa wanaitatua ndo hiihii tunayoilalamikia sisi mpaka leo kwenye longi kesi, ile ya kila mtahiniwa kupewa mgonjwa wake mmoja kwa muda mrefu. Wewe umepangiwa bibi ambaye hasikii vizuri na ana magonjwa sita, mwenzako kapangiwa kijana mchangamfu mwenye uvimbe mmoja mgongoni, halafu mtahini wako kaamka vibaya. Kwenye stesheni angalau wote mnapita kwa mgonjwa yuleyule na karatasi ya maksi ni ileile. Bahati mbaya haiishi lakini inapungua.

Sasa kozi yenyewe. Bei ni laki 2 na nusu, unalipa kwa lipa namba, unatumiwa ujumbe kwamba umepokelewa. Humo kuna mafunzo ya Jumamosi na Jumapili, noti, chakula cha mchana na cheti. Huwezi kununua siku moja, niliuliza mapema nikajibiwa "ni pakeji dokta". Kwa rezidenti anayejilipia ada mwenyewe hiyo ni hela, tusidanganyane, na kuna waliotoka Singida na Iringa ambao juu ya hapo waliweka nauli na gesti. Waliotoka Dar walipanda treni ya SGR Ijumaa jioni, hao ndo walifika hawana vumbi.

Jumamosi ilikuwa ukumbi wa kukodi maeneo ya Makulu. Tangazo lilisema saa 2 kamili asubuhi. Saa 2 kamili mlinzi ndo anatafuta funguo. Projekta imekuja kuwaka saa 4 kasoro, na mnaijua Dodoma ikishafika saa 5 ukumbi wa bati bila feni, mtu unasikiliza huku shati limegandia mgongoni. Slaidi ni nyingi na nyingine zimepigwa kutoka kwenye slaidi za mtu mwingine mpaka nembo ya chuo cha watu ipo pale kwenye kona. Mada zilikuwa zilezile ambazo mtu yeyote aliyefika hatua ya kufanya klinikali anazo: jinsi ya kuelezea uvimbe, sehemu, ukubwa, umbo, uso wake, ugumu wake, unasogea hausogei. Jamani. Hivi vitu tumefundishwa mwaka wa tatu wa digrii ya kwanza.

Lakini hilo la kuchosha ningelisamehe. Ambalo sisamehi ni noti za zamani. Kwenye trauma, yani majeruhi, slaidi inasema mtu mzima aliyebanwa na hewa kifuani umchome sindano nafasi ya pili ya mbavu, mstari wa katikati ya mtulinga, na umimine drip lita 2 ndo utafakari. Sasa ATLS, ule mwongozo wa kimataifa wa kuhudumia majeruhi, toleo la 10 lilitoka 2018. Kwa mtu mzima wamehamishia sindano nafasi ya nne au ya tano, mbele kidogo ya mstari wa katikati ya kwapa, kwa mtoto ndo wameiacha palepale pa zamani. Na drip ni lita 1 halafu kama anaendelea kuvuja unawaza damu, sio kumjaza maji. Nilinyoosha mkono nikasema, mwezeshaji akasema tutaliangalia, tukaenda slaidi inayofuata.

Kesho yake stesheni ya trauma ikawa imepangwa kwa toleo hilo la 10. Stori ni kijana wa bodaboda kagongana na Fuso barabara ya Singida, anapumua kwa shida, mishipa ya shingo imetuna, koo limesukumwa upande, mdoli umelazwa pale una mchoro wa kalamu kifuani. Jamaa mmoja ambaye Jumamosi alikuwa anaandika kila kitu kwenye daftari akachoma pale pa zamani, akakatwa maksi, akalalamika kwamba jana ndo mmetufundisha hivi. Mtahini akamwangalia akasema, "Jana mimi sikuwepo." Basi. Hatukujua tucheke au tumwonee huruma, ila kwa laki 2 na nusu waandaaji wangeweza kukaa kikao kimoja wakakubaliana sindano inachomwa wapi.

Kilichookoa Jumamosi ni saa moja ya mwisho. Alisimama mzee mmoja mstaafu, hana slaidi, hana kipaza sauti, akavuta kiti katikati. Akamwita mmoja wetu mbele, akamwambia hebu nisomee ulichokuta kwa mgonjwa wa goita. Yule dada akaanza vizuri tu kama tunavyoanza wote, nilijitambulisha kwa mgonjwa, nikanawa mikono, nikamwomba ruhusa, nikamwangalia kwa mbele. Mzee akamkatisha: "Binti yangu, usinisimulie ulichofanya, nilikuwepo nimekuona. Niambie ulichokuta na unafikiri ni nini." Akamfanya arudie, sentensi ya kwanza iwe mgonjwa na uvimbe wake na unachokihisi, zinazofuata ziwe ushahidi, halafu kilichokosekana ambacho kingebadilisha mawazo yako, halafu unyamaze. Kunyamaza ndo kulitushinda wengi. Ukishamaliza unataka uongeze kitu, na kile unachoongeza ndo mtahini anakushika nacho mpaka kengele ilie. Yule mzee angepewa Jumamosi nzima hii mrejesho ingekuwa tofauti kabisa.

Chakula cha Jumamosi wali kuku, kuku wa kisasa, katika mkoa ambao kuku wa kienyeji unawakanyaga barabarani. Naliacha hilo.

Jumapili sasa. Walikodi zahanati binafsi, siku hiyo haina wagonjwa wengi, kila chumba stesheni, kwenye korido mabenchi, na dada mmoja na simu yake ya kupima muda na kengele ile ya shule ya mkononi. Tuligawanywa makundi, mmoja anaingia kama mtahiniwa, wengine wawili wanasimama ukutani wanaangalia kimya, kisha mnabadilishana. Hapo ndo thamani ilipo. Ukimwangalia mwenzako anapima unaona vitu ambavyo hata uambiwe mara mia husikii: unaona anavyoongea huku kampa mgonjwa mgongo, unaona anavyofunua shuka lote wakati anahitaji kuona mguu tu, unaona sekunde arobaini zinapotea anatafuta upande wa kulia wa kitanda. Na watahini walikaa kama watahini kweli. Hakuna kutabasamu, hakuna kutingisha kichwa, unaongea na ukuta. Hilo zoezi peke yake lina maana kwa sababu wodini tumezoea bosi akiona unapotea anakohoa kidogo unajua ugeuze njia.

Stesheni ya ngiri ndo nitaisema kwa kirefu. Mgonjwa alikuwa babu mmoja kutoka upande wa Bahi, mrefu, mkavu, kavaa koti la suti juu ya msuli, fimbo kaiegemeza ukutani. Rezidenti mwenzangu kutoka Mbeya akaingia, shikamoo mzee, marahaba, akapaka sanitaiza, akaomba ruhusa, vizuri. Akamlaza. Hapo mtahini akaandika kitu. Ngiri unaanza mtu akiwa amesimama, akilala inarudi ndani unabaki unapapasa kinena kitupu, na kweli ilirudi. Jamaa akaona hali, akamwomba mzee asimame tena, muda unaenda. Uvimbe ukatoka taratibu mpaka karibu na pumbu. Akaweka mkono, "Mzee naomba kohoa." Babu akamwangalia kwa upole kabisa akasema, "Mwanangu, mimi nimekohoa tangu asubuhi. Mnataka kusikia nini?"

Mtahini mwenyewe alishindwa, akainamia karatasi mabega yanacheka.

Baada ya kengele ndo somo likaja na lilikuwa zuri. Kwanza umwulize maumivu yapo wapi kabla mkono haujamgusa, na ukiwa unashika macho yako yawe usoni kwake sio kwenye kinena. Pili, ujue unatafuta nini kwa kila hatua. Unaweza kupita juu ya uvimbe kwa vidole au huwezi? Kama unapita juu yake na tochi inaangaza, hilo ni busha unaongelea, sio ngiri. Kama hupiti juu yake, limetoka tumboni. Tafuta kile kifundo cha mfupa wa kinena, shingo ya uvimbe ikiwa juu na ndani yake ni ngiri ya kinena, ikiwa chini na nje yake wazia ya paja, na hiyo ya paja inajifunga haraka usiiache ikasubiri foleni. Irudishe ndani, bana pale pa tundu la ndani, katikati ya ule ukano wa kinena, mwambie akohoe. Ikizuilika au isipozuilika unasema unachofikiri lakini usiape, kwa sababu kipimo hicho cha mkono kinadanganya na watahini wanajua kinadanganya, wanataka kusikia kama na wewe unajua. Halafu upande wa pili. Halafu pumbu. Halafu tumbo, na umwulize mkojo unatokaje na kikohozi cha muda mrefu, maana mzee wa umri ule anaweza kuwa anasukuma kwa sababu ya tezi dume, ukimshona bila kulijua hilo anakurudia.

Kuna dada wa kundi letu yeye alipoingia kwa babu alianza na "Mbukwa", ile salamu ya Kigogo, babu akafunguka akaanza kumweleza mpaka shamba lake la mtama lina hali gani. Dakika moja imeliwa, ila babu alishikwa bila kukaza tumbo hata kidogo na ngiri ikaonekana yote. Sijui kama kwenye karatasi ya maksi kuna kisanduku cha hilo. Kingekuwepo ningempa.

Lakini hapohapo kwa babu ndo kuna malalamiko yangu makubwa na nimewaandikia waandaaji pia. Mgonjwa mmoja kwa stesheni, tangu asubuhi mpaka saa 9 mchana, makundi yote yanapita. Kusimama, kulala, kusimama, kukohoa, ngiri inatolewa inarudishwa. Niliuliza posho nikaambiwa elfu 20 na chakula. Hela tuliyolipa sisi ukiijumlisha kwa ukumbi uliojaa vile inatosha kabisa wagonjwa wawili kwa kila stesheni wapokezane, wakae kwenye viti vya kueleweka badala ya benchi la mbao, na posho ipande. Wao ndo kozi yenyewe. Slaidi ningeweza kudaunlodi bure, ngiri ya babu huwezi kudaunlodi. Na katika mtihani wa kweli pia mgonjwa akichoka anakuwa mkali, anajibu kwa mkato, mtahiniwa wa mwisho ndo anaumia, kwaiyo hata kwa upande wa haki ya mtihani haikai sawa.

Goita nzuri, mama mpole, na yule mzee mstaafu ndo alikuwa mtahini pale. Alikuwa mkali kwenye jambo moja tu, kwamba kabla hujaenda kusimama nyuma ya mtu na kumwekea mikono shingoni umwambie unachoenda kufanya. "Mtu hashikwi shingo kwa nyuma bila taarifa," alisema, na ukifikiria ni kweli, sisi tumezoea tu. Unaanzia mikononi, jasho, mtetemo, mapigo, unapanda machoni, halafu glasi ya maji ameze uvimbe upande nao, atoe ulimi nje kama ni kile kivimbe cha mstari wa katikati kinachopanda na ulimi. Mwisho anyanyue mikono yote miwili juu ya kichwa usubiri kidogo, uso ukianza kujaa na kuwa mwekundu ujue goita imeingia nyuma ya mfupa wa kifua, na hapo habari ya ganzi na nani atakayemlaza inabadilika kabisa.

Mguu wa kisukari nao ulikuwa mzuri. Kilichonifurahisha ni kwamba kwenye karatasi ya maksi kulikuwa na alama ya kuangalia viatu. Pale chini ya kitanda palikuwa na kandambili zimeisha upande mmoja, na kidonda kipo upande huohuo. Watu wanakimbilia kidonda, hawaangalii kati ya vidole, hawaangalii kisigino, hawashiki mapigo mguu wa pili. Uzi wa gramu 10 wa kupima hisia upo mezani umewekwa makusudi na watu wanaupita.

Stesheni ya kuungua haikuwa na mgonjwa, ni karatasi tu. Mtu mzima kilo 60, kaungua asilimia 30, kafika masaa 3 baadaye. Kwa Parkland, ile kanuni ya drip ya aliyeungua, ni mililita 4 mara kilo 60 mara asilimia 30, mililita 7,200 kwa masaa 24, nusu yake 3,600 ndani ya masaa 8 ya mwanzo, na hayo masaa 8 yanahesabiwa tangu alipoungua sio tangu alipofika mapokezi, kwaiyo yamebaki 5, unampa 720 kwa saa. Ukitumia ile ya ATLS toleo la 10 ya kuanzia 2 badala ya 4 unapata nusu ya hapo. Mtahini alikubali zote mbili mradi useme unatumia ipi na kwamba hesabu ni ya kuanzia tu, baada ya hapo bosi ni mkojo, nusu mililita kwa kilo kwa saa, kwa huyu ni 30 kwa saa. Nzuri, ya haraka, tungeweza kupewa mbili tatu za namna hii badala ya slaidi za Jumamosi.

Ya mawasiliano waliipatia kuliko nilivyotegemea. Unamwambia binti kwamba baba yake inabidi akatwe mguu. Aliyeigiza binti alikuwa mwanafunzi wa uuguzi na aliigiza kweli, alilia, akauliza nani atalima, akasema tumpeleke kwanza kwa mganga tutarudi. Waliifanya kwa Kiswahili. Kuna waliolalamika kwamba mtihani wenyewe ni kwa Kiingereza, na ni hoja, ila mimi nawaunga mkono waandaaji, maana ukiifanya kwa Kiswahili ndo unajua kama kweli unasikiliza au unasoma mistari uliyokariri. Baada ya hapo kila mtu aifanye kwa Kiingereza usiku na mwenzake, hiyo haihitaji kulipia.

Kilichonishawishi kuwapa hizo nyota ni karatasi za mrejesho. Kila stesheni mtahini alijaza kwa mkono, maksi na maneno mawili matatu, tukapewa jioni ileile kabla ya kuondoka. Sio "umejitahidi" au "soma zaidi". Jirani yangu yake iliandikwa: "Unauliza swali la pili kabla mgonjwa hajajibu la kwanza." Mwingine: "Vidole baridi, sugua kwanza." Hivyo ndo vitu unavyoweza kuvirekebisha Jumatatu wodini bila kununua kitabu.

Sasa nani aende. Kama klinikali yako iko ndani ya miezi mitatu minne, nenda, hata kwa bei hiyo. Kama uko mwaka wa kwanza acha, hela hiyo nunua viatu vizuri vya kusimamia thieta. Kama mpo wanne mnaelewana kwenye hospitali moja mnaweza kupata sehemu kubwa ya hii bure, iwe hospitali ya Mkapa au General, ile ya mkoa, au popote ulipo: jioni baada ya raundi, mgonjwa aliyekubali kwa hiari yake, mmoja anapima, mmoja ana saa, mmoja anaandika, mmoja anakaa kimya na uso wa mbuzi. Mtakachokosa ni mtu msiyemjua anayewaangalia, kwa sababu rafiki yako hata akikunja uso vipi unajua jana mlikula naye chipsi, na kuna siku mtaacha saa mtaanza kupiga stori. Hicho ndo unachonunua kwa laki 2 na nusu.

Ukienda, beba tochi yako ndogo, za pale zilikuwa mbili kwa stesheni zote na watu wakawa wanaangaza pumbu kwa simu, haipendezi. Beba futi ya kupimia, maji yako mengi, na sweta la asubuhi kama ni mwezi wa sita au wa saba maana ile zahanati ina upepo wa kwenye korido usipime. Jumamosi njoo saa 8 mchana, hakuna anayeita majina, utakuwa umewahi mzee mstaafu.

Cheti wanatuma kwa WhatsApp, changu kimekuja na jina limekosewa herufi moja, nimewaambia wakarekebisha ndani ya siku hiyohiyo, hapo hongera. Risiti ya EFD ndo bado. Nimeikumbushia, nimejibiwa "inashughulikiwa dokta".